Kutoka Kitonga Hadi Chumba cha Nyuma

(Mhadhara huu niliutoa kwanza Mbeya, nikaurudia Iringa. Umechapwa karibu kama nilivyousema.)

 

Nianze na kabati. Nyumba moja pale Forest, Mbeya, mama mwenye nyumba aliniita kwa sababu intaneti yake "imekufa chumba cha nyuma". Ni mwalimu mstaafu, sebule imepangika, makochi yamevikwa vitambaa vya kufuma. Nikamwamkia, nikauliza ruta iko wapi. "Iko hapo kabatini, mwanangu," akasema, "wajukuu wasiichezee." Nikafungua. Ruta ilikuwa imelazwa nyuma ya televisheni, imefunikwa kitambaa, na mbele yake limesimamishwa sinia kubwa la alumini, lile la pilau ya wageni. Nyuma ya kabati ni ukuta wa tofali za kuchoma. Nyuma ya ukuta ni stoo, na ndani ya stoo kuna simtanki limejaa maji hadi shingoni. Ukivuka stoo na korido ndipo unafika chumba cha nyuma, anakolala mjukuu anayesoma chuo.

Kitambaa sina ugomvi nacho. Hakizuii mawimbi, kinazuia joto lisitoke tu. Lakini chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, na maji huyanywa. Jiko la maikrowevu linapasha chakula kwa masafa ya gigahezi 2.45, ambayo ndiyo majirani wa karibu kabisa wa masafa ya waifai, na linafanya hivyo kwa sababu chakula kina maji. Simtanki la lita 500 haliwezi kuchemka kwa ruta, ila kila kinachopita pale kinabaki pale. Mama alikuwa amepandisha kifurushi mara mbili ndani ya miezi mitatu. Spidi aliyoilipia ilikuwa inafika kwake salama salimini, halafu inafia kati ya sinia na simtanki.

Neno langu la leo ni hilo. Watu wengi wa mjini hapa wanaolalamika kwamba intaneti ya nyumbani ni dhaifu hawajakosa intaneti. Wanayo. Wanaipoteza katika hatua ishirini za mwisho, kisha wanakwenda dukani kununua nyingine wakaipoteze palepale.

Tuone kwanza imetoka wapi. Kabla ya Julai 2009 nchi yetu iliitegemea satelaiti kwa mawasiliano ya intaneti ya nje. Mwezi huo kebo ya baharini ya SEACOM ikaanza kazi, imetua Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Nchi kavu, Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa China, shirika la simu TTCL likapewa kuuendesha. Mkongo huo unapanda mlima Kitonga, unapita Iringa, unapita Mbeya, unafika Tunduma kwa Wazambia na Kasumulu kwa Wamalawi. Reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyoanza kazi 1976, iliwapita kando watu wa Iringa, na mpaka leo wakitaka treni wanaifuata Makambako au Mlimba. Mkongo haukuwapita. Kwa hiyo mtu wa Nyanda za Juu Kusini asiseme yuko mwisho wa njia. Tuko njiani.

Mwanga ndani ya uzi wa faiba unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar hadi Mbeya kwa barabara ni kama kilomita 830. Pigeni hesabu: ni milisekunde nne na kitu, chini ya kupepesa jicho. Picha ya mjukuu wetu imevuka bahari, imepita Mikumi bila kusimama kuangalia tembo, imepanda Kitonga bila kukwama nyuma ya lori, imefika Forest ikiwa nzima. Halafu sinia la pilau likaizuia.

Sisemi kwamba kila ugonjwa uko ndani ya nyumba. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi nzima ikaumia. Siku ile hata ungekuwa na ruta ya dhahabu ungekaa ukitazama kiduara kinazunguka. Vilevile ujenzi wa barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi: mahali popote panapochimbwa kwa kijiko, waya uliofukiwa uko hatarini. Mambo hayo mwenye nyumba hana la kufanya isipokuwa kupiga simu huduma kwa wateja na kusubiri. Ndiyo maana naanza kila kazi kwa kupima, na kupima kwenyewe hakuhitaji mtaalamu. Chukua kompyuta, ichomeke kwenye ruta kwa waya, pima spidi. Chomoa waya, kaa palepale kando ya ruta, pima kwa waifai. Kisha nenda chumba kinacholalamikiwa, funga mlango, pima tena. Ukipata megabiti 20, halafu 19, halafu 2, ugonjwa uko ndani ya kuta zako. Ukipata 2 mara zote tatu, ugonjwa uko nje. Ukipata 20 kwa waya na 6 ukiwa umeikumbatia ruta yenyewe, ruta imezeeka au masafa yamejaa watu. Nitakuja huko.

Nje, basi. Kuna walio na faiba mlangoni na kuna wanaotegemea mnara. Wa faiba maneno yao ni machache: uzi ukifika ndani umefika, wenyewe ni kioo chembamba kama unywele, kwa hiyo usiukunje kama kamba ya mbuzi na usiupitishe chini ya mguu wa kitanda. Taa nyekundu ikiwaka kwenye kile kisanduku, maana yake mwanga hauingii. Usikizime na kukiwasha mara arobaini. Piga simu.

Wa mnara ndio wengi, na kwao milima yetu ina la kusema. Mbeya imekaa chini ya Loleza, mlima wa mita 2,656, na mitaa yetu inapanda na kushuka miguuni pake. Unaweza kuuona mnara wa Mwanjelwa kwa macho ukiwa barazani, ukaingia chumba cha upande wa mlimani ukapotea kabisa. Iringa ni kinyume. Mji umekaa juu ya ukingo, Ipogolo iko chini bondeni. Antena za minara ya juu zimeelekezwa kwa watu wa juu, na aliye chini ya ukingo ni kama mtoto aliyekaa chini ya meza: anawasikia wakubwa wakila, ila hakuna anayemwona. Masafa ya chini, megahezi 700 au 800, hujikunja kidogo pembeni mwa kilima na hupenya ukuta vizuri zaidi. Masafa ya juu, kama ya 5G ya megahezi 3,500, hubeba mzigo mkubwa lakini hayapendi kizuizi. Na miti yetu ya milingoti, hiyo tuliyoipanda kila mahali kuanzia Mufindi mpaka Rungwe, majani yake yakilowa mvua huwa ukuta mwingine. Mteja akiniambia "kiangazi ilikuwa nzuri, masika imeharibika", mimi natafuta miti kwanza.

Pale Ipogolo kuna kijana ana steshenari, anachapa na kuwajazia watu fomu za mkopo wa chuo. Ruta yake ya laini aliiweka kaunta, chini ya bati, chumba kisicho na dirisha upande wa mjini. Nilifungua kwenye simu programu inayoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba. Hizo alama za vijiti juu ya simu msiziamini, kila kampuni inazichora inavyopenda. Namba huandikwa kwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo nzuri: hasi 80 unakula raha, hasi 110 unasota. Kaunta ilisoma hasi 118. Tukapanda ngazi, nikatembea juu ya ukuta wa uani nikiwa nimeinua simu kama mtu anayebariki ndoa. Kona moja, hasi 109. Hatua mbili kulia, pale ambapo mlingoti wa jirani haukingi, hasi 96. Kipimo hiki kila kikiongezeka 10 nguvu imezidi mara kumi, kwa hiyo kati ya kaunta na pale pa mwisho tofauti ni zaidi ya mara mia na hamsini. Hakuna kifurushi kinachouzwa Tanzania kitakachokupa mara mia na hamsini. Ngazi na hatua mbili kulia zilimpa.

Kosa la wengi hapo ni kununua antena ya nje na kuivutia waya wa mita ishirini hadi kwenye ruta kaunta. Ule waya wa antena unakula mawimbi njiani, na ukiwa wa bei poa ulichokichuma juu ya paa kinaisha kabla hakijafika chini. Afadhali ruta yenyewe ipande juu, ile aina ya nje iliyofungwa isiingie maji, kisha ushushe waya wa mtandao wa kawaida, ambao unabeba data na umeme kwa pamoja na haupotezi data mpaka mita 100. Kijana tulimfungia hivyo. Na kwa kuwa tulikuwa Iringa, ambako kuna Gangilonga, jiwe ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linaloongea, aliniambia kumbe mawe ya Iringa yanaongea, ila uyapandie.

Mtaniuliza habari za madishi ya satelaiti. Zambia na Malawi zilifungua milango kwa Starlink mwaka 2023, na sisi wa Tunduma na Kyela tunakijua kishawishi cha mpakani. Kifaa kisicho na kibali cha TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, ni kesi, basi. Kwa vijiji ambavyo havina mnara kabisa njia ya kufuatilia ni Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 nchi nzima, na diwani wako ana haki ya kuuliza wa kwenu uko wapi.

Sasa turudi ndani, maana huko ndiko pesa zetu zinakofia.

Waifai ya nyumbani ina masafa mawili ya kawaida. La gigahezi 2.4 lina wimbi la urefu wa kama sentimita 12 na nusu, linafika mbali, linapenya ukuta, lakini ni njia nyembamba na kila mtu yuko humo. La 5 lina wimbi la nusu ya hapo, lina kasi, lakini ukuta mmoja wa tofali za kuchoma linapita likitweta na wa pili linabaki. Nendeni kwenye mageto ya wanafunzi kule Iyunga karibu na chuo cha MUST, au yale ya wanafunzi wa Mkwawa pale Iringa. Vyumba kumi na viwili kwenye mstari mmoja, kila chumba ruta au hotspoti, na zote zimejazana kwenye 2.4, ambako chaneli zisizogongana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Hapo hakuna mawimbi dhaifu, kuna kelele. Ni kama daladala kumi zinaita abiria stendi ya Kabwe kwa wakati mmoja. Wanafunzi wakinisikiliza huwa nawaambia wachange, waweke ruta mbili nzuri kwenye korido, wazime hotspoti zote. Hawanisikilizi, kwa sababu kuchanga kunataka kuaminiana, na hilo halimo kwenye mkoba wangu wa kazi.

Kwa nyumba ya familia dawa ya kwanza ni bure: itoe ruta kabatini. Iweke katikati ya nyumba, juu kuliko kichwa cha mtu, mbali na friji, kioo kikubwa na tanki. Kwa mama yetu wa Forest, kabla sijatumia hata msumari, niliipandisha ruta juu ya mlango wa korido. Chumba cha nyuma kikapanda kutoka megabiti 1 na nusu hadi 7. Mjukuu akasema inatosha. Mama akasema haitoshi, kwa kuwa yeye ndiye anayelipa.

Dawa ya pili ambayo watu hukimbilia ni ripita, kile kisanduku cha kuchomeka ukutani. Naona jinsi kinavyotumika: chumba hakina mtandao, mtu anakwenda kukichomeka humohumo ndani ya chumba kisicho na mtandao. Huo ni mkutano ambao mkalimani amekaa mahali ambapo yeye mwenyewe hamsikii mzungumzaji. Atatafsiri nini? Ripita ikae katikati ya safari, pale ambapo bado inasikia vizuri. Na hata ikisikia, zile za kawaida hupokea na kurusha kwa redio ileile, kwa hiyo nusu ya kasi inaondoka. Hizi ruta pacha za siku hizi, zinazouzwa mbili au tatu kwenye boksi moja na kujipanga zenyewe, ni afadhali, hasa zile zenye redio ya pembeni ya kuongea zenyewe kwa zenyewe. Lakini nazo hupitia ukuta uleule. Ukuta haujui kwamba umenunua kitu cha gharama.

Kwa hiyo mimi ni mtu wa waya. Waya upite kutoka kwenye ruta hadi chumba kinacholalamika, na mwisho wake ufungwe kisambaza waifai kidogo. Hewa imalizie hatua tatu nne za mwisho, basi. Nyumba zetu zinarahisisha hilo kuliko tunavyofikiri, kwa sababu juu ya dari kuna nafasi tele chini ya bati: fundi mwembamba, tochi, dakika arobaini. Kwa mama tulipitisha waya wa mita kumi na nane juu ya dari, ukashuka pembeni mwa fremu ya mlango ndani ya bomba jeupe. Chumba cha nyuma kikasoma megabiti 20, ileile iliyokuwa inaingia getini. Kifurushi akakirudisha kule kilikokuwa mwanzo.

Kuna wanaouliza kama intaneti inaweza kupita kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani. Inaweza. Vipo visanduku viwili viwili vya kazi hiyo, unachomeka kimoja kwenye soketi karibu na ruta na kingine chumbani. Nyumba ya waya wa njia moja, iliyofungwa vizuri, huleta matokeo mazuri. Nyumba ya njia tatu, ambapo soketi za chumba ziko kwenye njia nyingine, mara nyingi hufa. Ukichomeka kwenye ekstensheni, huyumba. Pampu ya maji ikiwaka, hukatika. Mimi huvitumia kwa nyumba ya kupanga ambayo baba mwenye nyumba hataki hata tundu la msumari.

Tahadhari ya waya wenyewe. Masokoni kuna waya wa mtandao wa bei ya kutupa ambao ndani si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Chukua kipande, kwangua kwa kisu waya mmoja kati ya zile nane: ikitokea nyeupe, irudishe. Alumini hukatika ukiikunja mara mbili, na ukipitisha umeme humo kupandisha ruta ya juu ya paa, hupata moto na umeme unafika umechoka. Nimekuja na vipande viwili, vipitisheni kwa mikono, na kisu hiki hapa, tafadhali kirudi.

Umeme nao. TANESCO wakikata, faiba ya mlangoni haijakatika, ni kisanduku chako kilichozima. Kibetri kidogo cha volti 12 kinaishikilia ruta saa kadhaa. Hicho ndicho kifaa cha bei ndogo chenye shukrani kubwa kuliko vyote ninavyofunga.

Niko karibu kumaliza, ila kuna mzee mmoja pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: kama waya ni mzuri hivyo, kwa nini vifaa vya nyumba ya mwanawe viliungua kwa waya? Swali lake nina kisa chake. Tukuyu, huko ambako mvua ni mwenyeji, familia ilimjengea kijana mkubwa nyumba yake kiwanja kilekile, kama mita arobaini kutoka kwa baba. Wakavuta waya wa mtandao wa shaba juu ya migomba kutoka nyumba hadi nyumba. Ulifanya kazi vizuri tangu Juni. Usiku mmoja wa Machi radi ikapiga mti nje ya uzio, haikugusa nyumba yoyote, lakini waya ule mrefu hewani ulipokea sehemu yake na kuigawa pande zote mbili. Ruta mbili, televisheni mbili, king'amuzi kimoja. Matundu ya waya yalikuwa meusi kama sufuria ya kande.

Ndani ya nyumba moja shaba ni rafiki. Kati ya nyumba mbili, katika nchi ya radi kama yetu, usivute shaba. Vuta faiba, na vigeuzi viwili vidogo, kimoja kila upande, au funga antena mbili zitazamane na hewa ifanye kazi. Kwa Tukuyu tulichagua faiba, kwa sababu migomba inakua na antena zingezibwa. Nilipofungua bunda la waya, mzee mwenye kiwanja aliinama akauliza, "Fundi, huu nao una chuma ndani?" Alinikamata. Nyaya nyingi za faiba za kutundika zina uzi wa chuma pembeni wa kubeba uzito, na niliokuja nao ulikuwa wa hivyo. Nikarudi Mbeya nao, nikaja kesho yake na ule usio na chuma kabisa. Waya wa shaba ulioungua mzee hakuutupa. Mara ya mwisho nilipopita, ulikuwa umefungia miti ya maharage nyuma ya jiko, umekazwa vizuri kuliko nilivyoukuta juu ya migomba.